Sola Haikai Uchi

Sola ililetwa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mwimbi, miaka ile serikali ilipofungua milango na wafadhili wakaingia kama siafu. Kila zahanati ikapata mradi wake, na kila mradi ukasimika bango barabarani. Sisi tulipata Mradi wa Jua Endelevu. Neno "endelevu" lilikuwa bado jipya. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Oswaldi, alilipenda mpaka akawa anasema kikao endelevu, mahindi endelevu, na siku moja harusini akamtakia bibi harusi uzazi endelevu. Watu wakapiga makofi.

Mimi ndiye nesi wa zahanati hiyo, Otilia, mtoto wa Katandala pale Sumbawanga mjini. Nimeolewa huku na Loth, mnunuzi wa mahindi ambaye wiki nzima yuko Laela na Jumapili yuko usingizini. Kwenye sola nilitaka kitu kimoja tu: friji la chanjo lipoe. Tulikuwa na friji la mafuta ya taa, lakini lile lilitoa moshi zaidi ya baridi, na mafuta yenyewe yakipatikana leo, kesho hamna. Chanjo ya surua haitaki mzaha. Ikipata joto inakufa humo humo kwenye chupa, na wewe unayemchoma mtoto unakuwa umemchoma maji. Mwaka huo surua ilikuwa imeshasikika ng'ambo ya mto, kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Na nyumbani kwangu kulikuwa na binti anayekaribia miezi tisa, umri wa sindano hiyo. Anaitwa Bertilla, jina la bibi yake mzaa baba.

Huyo bibi ndiye aliyenitoa roho.

Fundi alikuja kutoka mjini na friji jipya, betri na kioo cha sola. Kioo ndivyo tulivyokiita, maana kiling'aa. Mabati ya zahanati yalikuwa yameoza, kwa hiyo akakisimamisha uani juu ya miguu ya chuma, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Akafunga nyaya, akanawa mikono, kisha akatuambia, "Kitunzeni. Kisiingie vumbi, kisikwaruzwe." Basi, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Maelezo ya jinsi kinavyofanya kazi aliyaacha kwenye kitabu cha Kijerumani.

Mama mkwe wangu alikuwa kiongozi wa akina mama wa jumuiya, na kwa mambo ya utunzaji hakuna wa kumweleza. Nyumbani kwake redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, mtungi una kitambaa, hata saa ya ukutani ina kitambaa, ukitaka kujua saa unainua pindo. Alikizunguka kile kioo mikono nyuma, akaguna.

"Kitu cha thamani namna hii," akasema, "kimewekwa uchi na vumbi lote hili la Juni?"

"Mama, ni sola hiyo," nikamwambia. "Inataka jua."

"Jua litakichujua. Hukuona kapeti la parokiani lilivyochujuka pale dirishani? Sola haikai uchi, mkamwana."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akina mama walikuja wakiimba na kitambaa kimekunjwa kwenye sinia. Kilikuwa cheupe cha kufuma, kimezungushiwa maua mekundu, katikati kimeandikwa KARIBU WAGENI. Wakakitandika juu ya sola, wakakinyoosha pembe, wakapiga vigelegele. Mwenyekiti Oswaldi akatoa hotuba, akakiita kitambaa endelevu. Mimi nilisimama mlangoni na mwanangu mgongoni, nikasema moyoni, Yesu na Maria, hawa watu wameifunika!

Walipoondoka tu nikakitoa. Kesho yake asubuhi nimekikuta kimerudishwa. Nikakitoa tena, na mchana mwenyekiti akaniita ofisini kwake, mama mkwe ameshakaa pale kwenye benchi, uso umekunjamana.

"Nesi," mwenyekiti akaanza, "nasikia unavua heshima ya akina mama."

"Shikamoo mwenyekiti, shikamoo mama. Mimi nimevua kitambaa. Sola inakula jua. Ukiifunika unainyima chakula, friji haliwezi kupoa."

"Marahaba. Mbona kina matundu?" mama mkwe akadakia. "Kitambaa cha kufuma hicho, jua linapita kwenye matundu! Pazia la dirisha lako mbona linaingiza mwanga na bado linasitiri? Au wewe unalala gizani mchana?"

Haki ya Mungu, lilikuwa swali zuri. Nikajitahidi kueleza kwamba mwanga wa kuona sindano na mwanga wa kuendesha friji ni vitu viwili, lakini kila nilipofungua mdomo mama mkwe aliguna, na unajua mguno wa mama mkwe mbele ya kiongozi wa kijiji. Ni hukumu. Mwenyekiti akaamua kitambaa kibaki, na atakayekigusa atakuwa ameihujumu kamati ya afya. Nikaambiwa niombe radhi. Nikaomba, meno nimeyauma.

Friji likafanya lilivyotarajiwa, yaani likawa kabati. Chanjo zilipokuja kutoka wilayani, zilikaa humo kwa siku kadhaa, na kila nikichungulia kipimajoto moyo unashuka. Siku ya kliniki nikazimwaga. Ndiyo siku hiyo alipokuja Masalu kutoka ng'ambo ya mto, mwanamume mrefu mwenye koti la jeshi, amembeba mwanawe wa kiume kifuani ndani ya lile koti. Mkewe alikuwa mjamzito hawezi kuvuka mto, kwa hiyo yeye mwenyewe amekuja. Wanawake kwenye foleni walimcheka, ati baba analeta mtoto kliniki. Yeye hakujali.

"Nesi, kule kwetu watoto wanatoka vipele," akaniambia. "Huyu bado mzima. Mchome."

"Chanjo zimeharibika, baba. Friji halijapoa."

Akageuka akaangalia uani. "Ile si ndiyo mashine yenu?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona imevaa nguo?"

Wallahi ningekuwa Mwislamu ningeapa hapo hapo. Mtu ambaye hajawahi kuona sola tangu azaliwe ameliona jambo kwa kutupa jicho moja, na kamati nzima ya afya yenye muhuri wake haioni! Nikamwambia arudi kliniki ijayo. Akarudi. Nikamwambia tena vile vile. Alimrudisha mtoto ndani ya koti akafunga vifungo, na mimi nikaenda nyuma ya zahanati nikalia kwa hasira.

Nikaandika wilayani kwamba friji halipoi. Mradi ukaleta mtaalamu wa ufanisi. Anaitwa Marselino, kijana wa Dar es Salaam, miwani, viatu vya kupanda mlima, na gari jeupe ambalo dereva wake alilifuta vumbi kila liliposimama. Nilifurahi kumwona kuliko ninavyomfurahia Loth. Nikasema leo ukweli utajulikana.

Marselino akatoa kipimo chake chenye nyaya mbili, akapiga magoti, akaingiza mikono chini ya sola akashika nyaya za nyuma. Mshale wa kipimo ukatikisika kidogo ukalala. Akapima tena. Akaandika. Kitambaa kiko juu yake hapo, KARIBU WAGENI, pindo linampepea usoni, na yeye analisogeza kwa kiwiko asilichafue.

"Mtaalamu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "toa kitambaa kwanza."

Akainuka, akanivuta pembeni kama mtu anayetaka kunipa siri. "Sista, nimekiona. Lakini sisi hatuingilii mila za wenyeji. Tulifundishwa kwenye warsha. Miradi mingi imekufa kwa sababu wataalamu walidharau mila."

"Mila gani? Hiyo ni mila ya makochi!"

"Ndiyo, ndiyo," akasema, anaandika. "Mila ya makochi."

Alikaa na kamati mpaka jioni, akala kuku na ugali wa ulezi. Kabla ya kuondoka akatusomea matokeo. Umiliki wa jamii: wa hali ya juu sana, mfano wa kuigwa. Ufanisi wa mtambo: mdogo. Sababu: jua la nyanda za juu za Ufipa ni dhaifu kutokana na baridi. Wazee wakatikisa vichwa wakakubali, maana hata wao walikuwa wanaliona jua la huku ni la kupoapoa, si kama la bondeni. Ushauri: jamii iongezewe kioo cha pili.

Kioo cha pili kikaja. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kufuma kitambaa chake kabla gari halijatoka Sumbawanga. Hiki alikitia tausi wawili wanaotazamana na maandishi MUNGU IBARIKI ZAHANATI, na ili visipeperushwe na upepo akavishonea vitanzi vya kufungia kwenye miguu ya chuma. Friji likabaki kabati, sema sasa lilikuwa kabati lenye sola mbili.

Mwanangu akatimiza miezi tisa. Habari kutoka ng'ambo ya mto zikawa mbaya, kwamba boma moja limezika watoto. Usiku silali. Nikafikiria kumpeleka Katandala kwa mama yangu akachanjwe mjini, lakini nitampeleka wangu, hawa wengine wote ninaowapima uzito kila mwezi nitawaambia nini? Nikakaa nikawaza, nikasema, Otilia, hawa watu huwawezi kwa maelezo. Basi watafutie njia ya upande wao.

Asubuhi nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga goti kama siku ya kuolewa.

"Shikamoo mama. Nimekuja na aibu. Vile vitambaa vimeshika vumbi. Mtu akipita barabarani ataonaje? Atasema mkamwana wa Bertilla ni mchafu."

Akashtuka. "Vimechafuka kiasi hicho?"

"Niruhusu niwe nafua, mama. Ndiyo kazi yangu."

Uso wake ulilainika ambavyo sikuwahi kuuona ukilainika. Akanishika bega. "Leo ndiyo nimejua mwanangu ameoa," akasema. Nikaona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Tangu siku hiyo nikawa mfuaji. Kila kukicha navifungua vitanzi, navitia kwenye beseni, navisugua, naviloweka mpaka navionea huruma, halafu navianika upande wa kivulini. Kwa baridi ya Ufipa ya mwezi ule, kitambaa cha nyuzi nzito kinachoanikwa kivulini kinakauka jua likishazama. Jioni nakirudisha juu ya sola, kimenyooka, kinanukia sabuni, na sola inalala imevaa vizuri kama mtoto wa bodingi. Akina mama wakaanza kunitolea mfano kwenye jumuiya. Wengine wakaniambia, "Wewe Otilia unapenda usafi mpaka unapitiliza." Mwenyekiti akaniita mfuaji endelevu. Na friji? Friji likaanza kunguruma! Siku nilipofungua mlango nikakuta ukuta wa ndani umeota barafu, niliushika kwa kiganja nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nikaagiza chanjo. Zikaja, zikakaa, zikabaki baridi. Nikatuma ujumbe vitongojini na ng'ambo ya mto kwamba kliniki ni Alhamisi na safari hii hakuna kurudishwa mtu.

Sasa sikia mkosi. Jumatano mwenyekiti anakuja anahema: wageni wa mradi wanakuja Alhamisi hiyo hiyo, wafadhili wenyewe pamoja na Marselino, kuja kuona umiliki wa jamii. Viti vikakusanywa kijiji kizima, kila kiti na kitambaa chake. Ngoma ikaandaliwa. Na Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda, foleni ya akina mama na watoto imeshapinda kona ya zahanati, magari meupe yanaonekana kule kilimani, mwenyekiti anaingia uani anakuta sola zote mbili ziko uchi na vitambaa viko kambani vinachuruzika maji.

"Nesi! Umetuua!"

Mama mkwe akatokea nyuma yake, na gauni lake la Pasaka na viatu vya kufunga. Akatazama kamba, akatazama sola, akaweka mikono kichwani. "Leo? Wageni wanakuja, wewe umefua leo? Vitandikwe! Vitandikwe hivyo hivyo vibichi!" Akaenda mwenyewe kambani, akavivuta, akaanza kuvitandaza juu ya vioo huku maji yanamlowesha gauni.

Mwanangu alikuwa mgongoni mwangu. Nikamfungua, nikamweka mikononi, nikaenda nikasimama kati ya mama mkwe na sola. Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti mama yule, na sauti iliponitoka ilinitoka yote.

"Mama, mtazame wajina wako huyu. Mtazame! Friji limepoa kwa sababu nimekuwa nakudanganya kila siku. Sifui kwa sababu ya uchafu. Nafua ili sola ipate jua. Ng'ambo ya mto wanazika. Ukitaka kufunika kitu leo, funika. Lakini jua kwamba kesho kutwa utakuja kumfunika huyu."

Mwenyekiti akafungua mdomo aseme, mama mkwe akamnyooshea kidole bila kumtazama, akaufunga.

Mama mkwe akamtazama mtoto. Mtoto, bila adabu yoyote, akamcheka. Bibi akaondoka pale, akaingia zahanati mzima mzima, akafungua friji langu bila ruhusa akaingiza mkono. Alikaa nao humo muda mrefu. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi.

"Ulinidanganya," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia weka mkono wako humu tangu siku ya kwanza. Mambo ya mwanga wa sindano sijui wa friji mimi ningeyajulia wapi?" Akaondoa kitambaa cha tausi juu ya kioo, akakitupa kwenye beseni. Cha maua akakifuata. "Mchome huyu wa kwanza. Na mchome vizuri."

Nikamchoma. Bertilla mdogo akapiga ukelele wa kusikika Zambia, na bibi yake akanifokea mbele ya foleni nzima kwamba nina mkono wa bucha. Nilitamani kumkumbatia.

Wageni wakafika hapo hapo. Marselino akashuka, akaziona sola, akasimama. "Vitambaa viko wapi?" akamuuliza mwenyekiti kwa huzuni ya kweli. Akapiga magoti na kipimo chake. Mshale ukaruka ukagonga mwisho. Akakitikisa kipimo, akakipiga kiganjani, akapima tena, ukagonga tena. Akawageukia wafadhili akawaeleza kwamba kifaa kimepata hitilafu safarini, kwa maana jua la eneo hili lilishathibitishwa kuwa dhaifu. Halafu akasema kuna tatizo kubwa zaidi, jamii inaonekana imeanza kupoteza umiliki.

"Wewe baba!" mama mkwe akamkemea. "Umesimama unaikinga jua mashine. Sogea huko!"

Akasogea. Mama akaweka ulinzi pale, hapiti mbuzi, hapiti mfadhili, kivuli cha mtu kikigusa kioo anafokewa. Mimi naendelea kuchoma. Watoto wanalia, ngoma inalia, mwenyekiti anahutubia kuhusu uwazi endelevu. Nilikuwa na furaha mpaka mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Jua lilipokaribia utosini wakatokea watu wa ng'ambo ya mto, miguu imelowa. Aliyewaongoza ni Masalu. Amebeba mtoto begani na mwingine amemshika mkono. Marselino akamwona, akamfuata haraka pamoja na wafadhili, maana wafugaji walikuwa hawajahojiwa.

"Huyu ni mnufaika," akawaambia. Akamgeukia Masalu. "Mzee, hawa ni watoto wako?"

"Hapana. Wa jirani zangu. Wameniomba niwalete, mimi naijua njia."

"Na wa kwako umeshamleta?"

"Nilimleta," Masalu akasema. "Nilimleta mara ya kwanza, nikamleta mara ya pili. Jumapili tumemzika."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia. Koti lake lilikuwa wazi, vifungo havijafungwa. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na mtoto wa mtu mbele yangu, na nilishindwa kuona mkono wake uko wapi.

Mfadhili mmoja akaomba atafsiriwe. Marselino akasema maneno mengi kuliko yaliyosemwa, na yule mfadhili akatabasamu akampa Masalu mkono.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeondoka penye sola. Alipita katikati ya wageni na viti vyao vyote, akafika mbele ya yule mwanamume, akavua viatu vyake, akaketi chini kwenye vumbi na lile gauni lake la Pasaka, miguu ameinyoosha, kama tunavyokaa msibani. Mmoja mmoja akina mama wa jumuiya wakaja wakaketi nyuma yake. Mwenyekiti akapiga makofi ya kuwaita kwenye ngoma. Hakuna aliyeinuka.

"Mwanao anaitwa nani?" mama akamuuliza Masalu.

Masalu akamtajia jina. Kisha na yeye akaketi chini, na wale watoto aliowaleta wakasogea kwenye meza yangu, nikaukunjua mkono wa mtoto wa kwanza.